Barua Sita za Binti wa Gundi

Kahawa ya kijiweni haijapoa, Nukta, mwalimu mstaafu, akatusomea gazeti kwa sauti ya darasani: "Mitambo ya barua pepe yazidi ukali! Barua isiyo na namba ya utambulisho kichwani yarudishwa ilikotoka!"

"Safi kabisa!" Mtambo akajipiga kifua. Yeye ndiye mtunza kompyuta wa chama cha mafundi, ng'ambo ya barabara. "Kwetu sheria hiyo nimeiweka wiki tatu sasa. Matapeli wamenyooka!"

"Matapeli peke yao?" akauliza Gundi, fundi viatu, akishona kiatu cha Nukta. "Maana binti yangu aliomba nafasi chuo cha uuguzi kwa barua pepe ya chama. Wiki ya tatu hii, kimya. Chakula hakimpiti kooni."

Mtambo akashusha mkono.

"Majibu ya chuo anatuma mtu au mashine?"

"Mashine. Walisema jibu litajituma lenyewe."

"Yalaa!" Mtambo akashika kichwa. "Mashine nyingine haziweki hiyo namba, hata kama barua ni halali…"

"Kwa hiyo mgeni kaja na habari njema, wewe unamdai cheti cha kuzaliwa!" Nukta akamkatiza.

"Sheria ni sheria, mwalimu."

"Sheria gani? Miaka thelathini nimesahihisha madaftari. Asiyeandika namba nilimkata alama, sikumfukuza shule!"

Tukaangua kicheko, Gundi akiwa wa mwisho. Mtambo akafungua kompyuta yake palepale kwenye benchi.

"Chuo kimeleta barua… mara sita. Zote tumezikataa."

"Sita!" Gundi akaruka. "Mwanangu anabishiwa hodi mara sita, wewe umekaa ndani unajisifu?"

"Nisamehe, mzee wangu. Nimekosa."

Akalegeza sheria, kisha akapiga simu chuoni. Mama mmoja akajibu kwamba mwisho wa kuthibitisha nafasi ni leo, saa sita mchana. Akakubali kuituma tena ile barua.

Tukabana pumzi. Hata muuza kahawa akasahau kumimina.

Ting!

Gundi akataka kusoma, machozi yakamzuia. Nukta akasoma: "Tunafurahi kukujulisha kuwa umechaguliwa…"

Hakumaliza. Benchi lote lilikuwa juu, vikombe chini. Gundi akatimua mbio, kiatu cha Nukta mkononi.

"Gundi! Kiatu changu!" Nukta akamfuata kwa mguu mmoja.

"Utakikuta nyumbani!" akajibu bila kugeuka. "Nakimbia binti yangu athibitishe, kabla Mtambo hajatunga sheria nyingine!"