Kaburi la Babu Kwenye Kiwanja cha Kauthar

Jumatatu, 2 Juni 2025
Daktari kasema moyo wangu umechoka. Nina miaka themanini na tatu. Sitaki kufa na uongo, kwa hiyo humu naandika ukweli mtupu.
Mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Sura ya Mji, hapa Nyaishozi. Tuko wanne, tunajitolea. Tunasoma michoro ya majengo na kutoa maoni kabla haijaenda halmashauri. Leo umekuja mchoro wa Kauthar, muuza mikate, jirani yangu. Ghorofa, kwenye kiwanja kilicho mbele ya nyumba yangu! Tanuri chini, watoto juu. Anapopanga sasa katakiwa atoke mwisho wa mwezi.
Litaziba baraza langu! Pale naona barabara nzima, nani kapanda bodaboda ya nani. Starehe gani nyingine imebaki? Nikaandika: "Halilingani na sura ya mji." Katibu Nestory, bwana shamba mstaafu, akauliza sura ipi, Mwalimu, hii ya mabati yenye kutu? Wakacheka. Anautaka uenyekiti, yule.

Jumanne, 3 Juni
Wazo! Kiwanja kile zamani kilikuwa kibanja, shamba la migomba la ukoo wetu, na sisi tunazika migombani. Nani atajenga juu ya kaburi? Babu yangu kazikwa mbali, kule Mabira, lakini nani anajua?
Alfajiri nimepanga mawe tisa kiwanjani pale na kupanda mche wa mramura upande wa kichwa, kama kwenye makaburi ya wazee. Nimepumzika mara kumi na moja. Binti yangu Salvina akauliza mbona magoti yana udongo. Nikasema nilikuwa nasali.

Alhamisi, 5 Juni
Kamati imekagua kiwanja. Nikavua kofia. Wote wakavua. Kauthar akasema pole sana Mwalimu, mbona miaka yote hukusema? Nikasema ni uchungu.
Nestory hakubali kupitwa. Akapangusa macho, akasema mazishi yale anayakumbuka, baba yake ndiye aliyeshika jeneza mbele! Mwongo mkubwa! Nikafungua mdomo nimuumbue. Nikaufunga.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa. Kauthar kaleta mchoro mpya. Kwa heshima ya babu, jengo limesogezwa hatua kumi na tano. Kuja kwangu! Bomba la moshi litatazama kiti changu. Kamati ikapiga makofi. Nestory akaninyooshea kalamu: wewe ndiye mfiwa, Mwalimu, anza kusaini. Nikasingizia kizunguzungu. Kura imeahirishwa hadi Jumatatu.

Jumapili, 8 Juni
Nimeungama. Padri kasema niende nikaseme kweli mbele ya kamati. Nikamwambia, Baba, nitasema hata roho ikitoka palepale. Nimelia. Nimerudi mwepesi kama unyoya.

Jumatatu, 9 Juni
Nimekwenda, Salvina kanishika mkono. Kauthar akaniwekea kiti na andazi la moto, akasema shikamoo Mwalimu, Mungu akuweke. Nikasema nina neno zito juu ya kaburi lile. Nestory akatazama viatu vyake. Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, nasema kweli! Kisha nikauona mchoro mezani, na lile bomba.
Nikasema babu hakulala peke yake. Bibi yuko hatua kumi na tano upande wangu.
Nestory akashusha pumzi, akasema hata bibi anamkumbuka, alikuwa mkarimu mno. Kauthar akakunja mchoro wake taratibu. Akanipa pole ya pili.
Kesho alfajiri, mawe. Jumapili nitaungama.