Injini ya Baba Kaoutar na Soda ya Sabuni

Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa sita

Dada Mwanvua, unisamehe. Daftari hili ulinipa nikiwa na mimba, ukasema niandike kila siku halafu nikutumie huko Kabezi usome. Kaoutar sasa anakaa bila kushikwa na meno yametoka, na ukurasa wa kwanza ndio huu. Kila nikishika kalamu anaamka. Hata sasa yuko mgongoni, naandika nimesimama.

Lakini leo lazima. Nimeharibu kitu.

Unakumbuka ile injini ndogo ya mvuke ya Baba Kaoutar? Miaka mitatu anaichonga, kila akitoka bandarini kutengeneza mota za maboti. Inakaa kwenye kiganja. Shaba ya bomba la zamani, aluminiamu ya pistoni iliyokufa. Pistoni yake yenyewe ni kama punje ya haragwe. Maji yakichemka kwenye kibirika chake, gurudumu linazunguka. Nikiitazama napata ile hali ya kutazama kucha za mutoto aliyezaliwa jana.

Jumamosi Directeri Barnaba wa shule ya ufundi anakuja kuiona. Ikizunguka, Baba Kaoutar anapewa kazi ya kufundisha, haendi tena Nyanza-Lac kulala kwenye maboti ya watu. Sasa yuko huko, anarudi Ijumaa. Nikataka aikute laini. Nikaitia mafuta. Na hapa Rumonge iko mafuta gani? Mawese. Nikawasha moto niijaribu. Mawese yakaiva mle ndani yakawa gundi.

Haizunguki.

Jumanne, tarehe 10

Nimeifungua. Kwanza nikaipiga picha kwa simu, kila upande. Nina akili. Nikatandika kitambaa cheupe, nikapanga vipande kwa utaratibu wa kutoka. Spring moja nyembamba kama unywele. Niliogopa kupumua.

Skrubu moja ikapotea. Iko mdomoni mwa Kaoutar. Nikaitoa kwa kidole, nikamwambia hapana, kwa sauti ya baba yetu. Akacheka. Mimi nikalia kidogo. Vipande vyote sasa viko kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati.

Mpango wa kesho: soda ya sabuni, ile kali inayounguza ngozi. Hapa mtu akitaka kung'oa mawese kwenye pipa, anatumia nini?

Jumatano, tarehe 11

Kaoutar nimemwacha kwa Salima, jirani yangu wa cherehani. Soda na mutoto haviwezi kuwa ua mmoja. Glavu, beseni la plastiki, nje kwenye upepo. Nikaanza na kifuniko cha silinda, kile cha aluminiamu.

Dada, maji yalichemka bila moto. Povu likapanda kama maziwa, likanguruma. Nilisimama kama mtu aliyeonyeshwa muujiza. Muujiza ulikuwa unakula injini ya mume wangu.

Nimekitoa kwa kijiti, nikakimwagia maji mengi. Cheusi, vishimo kote, kama uso uliougua tetekuwanga. Hapo ndipo nikamkumbuka mama yetu na sabuni zake. Soda aliichanganyia kwenye ndoo ya plastiki, kwenye sufuria ya aluminiamu hata siku moja. Nilidhani anahurumia sufuria zake za harusi.

Salima akauliza harufu gani ile. Nikasema napika sabuni. Akasema vizuri, nimkatie kipande.

Alhamisi, tarehe 12

Nimekwenda kwa Salima kwa ujanja. Nikamuuliza, cherehani ikigandwa na mafuta inasafishwaje. Akasema, Mama Kaoutar, wewe huna cherehani. Nikasema ni ya rafiki yangu wa Gatete.

Basi huyo wa Gatete, akasema bila kuinua macho, aloweke vyuma kwenye petroli, ile ya taa, mlango wazi, mbali na jiko. Asugue kwa mswaki laini, si msumari, si waya. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni, akaushe papo hapo, atie tone moja la mafuta ya cherehani. Akanipa kichupa. Akasema nimwambie rafiki wa Gatete kwamba mutoto wake jana alilala vizuri.

Nilijua kwamba anajua. Nikashukuru, murakoze, nikatoka haraka.

Nyumbani gundi ikaachia polepole, petroli ikawa rangi ya chai. Chini yake nikaona mistari ya tupa, midogo, yote imelala upande mmoja. Mikono ya Baba Kaoutar, jioni zile zote. Nilipoiinamisha silinda, pistoni ikateremka yenyewe bila kusukumwa. Nikakaa chini.

Ijumaa, tarehe 13

Nilikuwa nimeandaa kusema ni unyevu wa ziwa. Baba Kaoutar akakigeuza kifuniko kwenye mwanga wa mlango. Akauliza, soda? Nikasema ndiyo.

Akapitisha kidole kwenye vishimo. Kisha akauliza mutoto alikuwa wapi. Kwa Salima. Akasema sawa.

Akachukua kioo cha dirisha, akapaka dawa ya meno, akakisugua kifuniko kwa kuzungusha, mpaka adhana. Nje vishimo vimebaki. Ndani kimekuwa bapa kama maji yaliyotulia. Akasema mvuke hautazami nje.

Jumamosi, tarehe 14

Injini tuliiunga usiku kwa zile picha za simu. Directeri akafika, salamu, amahoro, amahoro, viti. Maji yakachemka. Gurudumu likakataa. Baba Kaoutar akaligusa kwa kidole kimoja, likaenda. Sauti kama Kaoutar akinyonya kwa njaa. Directeri akavua kofia, akaiinamia mpaka maji yalipokwisha.

Akauliza vile vishimo ni pambo? Baba Kaoutar akajibu kwamba hiyo ni kazi ya madamu.

Kazi amepata, kuanzia mwezi wa tisa. Directeri akauliza nani ameisafisha vizuri hivi. Nikamweleza kwa kirefu. Akasema shule ina injini kama hiyo kabatini, ya chuma, imejaa kutu, naweza kuijaribu? Baba Kaoutar akakohoa. Nikasema ilete.

Jumapili, tarehe 15

Imefika. Kutu nene, lakini ni nzuri ajabu. Baba Kaoutar anasema petroli, mswaki na subira. Maneno mazuri, ila yeye amezoea shaba. Hii ni chuma, inataka kitu chenye nguvu. Nimeshafikiria kila kitu.

Daftari linakuja na teksi ya kesho. Nitumie:

maji ya betri, yale ya asidi, litre moja, bidon ifungwe kabisa;
brashi ya waya, ile ngumu;
msasa, mkali kuliko yote waliyo nayo dukani;
glavu;
nepi, pakiti mbili. Hizo ziwe juu. Vingine vyote viwe chini yake.