Tundu la Kisigino

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Zulia la gari linatoka.

Gari lenyewe ni la marehemu baba. Tuna umri mmoja, mimi nalo, ila lenyewe watu husimama kulitazama. Baba alipofariki, miaka minne iliyopita, mama alinikabidhi ufunguo mbele ya ukoo mzima. Dada yangu mkubwa alinyamaza. Mumewe hakunyamaza. Alisema kwa sauti ya upole kwamba gari la namna ile linahitaji mtu mwenye mikono. Mikono! Kana kwamba mimi nina mbawa.

Shemeji huyu naye ana gari la zamani. Hulipaka nta kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki, kwa hiyo humu daftarini namwita Bwana Nta. Mwaka jana, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, alichukua kikombe. Jaji alipofika kwangu aliinama, akalitazama zulia letu la kahawia lililochakaa, akasema, "Mmh." Basi. Akaenda zake. Nimeishi na hiyo "mmh" mwaka mzima. Nimekula nayo, nimeoga nayo.

Maonyesho ni Jumapili hii. Mke wangu ameshauri kazi nimpe fundi wa viti wa pale kona. Nikamjibu kwamba zulia ni kitu cha kulazwa chini tu, na mimi nimekuwa nikilaza vitu chini tangu utotoni. Amesema hilo habishi, maana ndiye anayeviokota.

Jumanne, 4 Machi

Viti vimetoka! Nati nane, spana moja, ngozi ya vidole viwili.

Zulia lilikuwa limeng'ang'ania kama kupe. Nikalivuta vipande vipande. Chini yake: pini ya nywele, kalamu isiyo na kifuniko, peremende iliyogeuka jiwe. Pale mguu wa kulia wa dereva unapokaa palikuwa na tundu la mviringo, la ukubwa wa kisigino, hadi bati likaonekana. Aibu tupu! Ndiyo maana jaji aliguna.

Gari la taka lilikuwa linapita. Nikakimbia na mzigo wote kichwani. Nikalipata! Maishani mwangu sijawahi kuliwahi gari la taka. Nikarudi napiga mluzi.

Muda si muda fundi wa viti akapita, akachungulia langoni. Akauliza zulia la zamani liko wapi. Nikasema kwa fahari kwamba limekwenda. Akauliza sasa jipya nitalikata kwa kufuata nini. Nikatazama njia lilikokwenda gari la taka. Akalishika lango kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nilidhani anacheka. Wapi! Akaniambia yule jaji ni mteja wake, na mwaka mzima amekuwa akimsimulia habari za zulia langu: kwamba ni lile lile lililotoka na gari kiwandani, kwamba hajaona lingine mji mzima, kwamba alipoliona alikosa la kusema.

Kumbe "mmh" ilikuwa sifa.

Nimekaa kwenye kiti cha dereva, katikati ya ua, bila gari. Chai imepoa mkononi.

Jumatano, 5 Machi

Kulia hakuleti zulia. Nimenunua jipya. Bwana Nta ana la kijivu, mimi nimechukua jekundu. Jekundu la kumfanya mtu ageuke.

Nimepima kwa shubiri. Nimekatia sebuleni, mke wangu akiwa kazini. Nililogundua ni kwamba sakafu ya gari si sakafu. Ina mgongo katikati, ina mabonde, ina kona ambazo hazina sababu. Kipande cha dereva nimekikata upande wa juu ukiwa chini, kwa hiyo kinafaa vizuri sana kwa gari lenye usukani upande wa pili. Ikabidi nikate kingine. Tundu la gia limeangukia penye magoti ya abiria. Nikakata kingine. Zulia likaisha. Nyuma bado kuko uchi.

Nikafikiri sana. Chini ya kochi letu kubwa kuna zulia ambalo halijakanyagwa na mtu tangu tulinunue. Nani huinua kochi? Nimekata kipande cha mstatili, kwa adabu, kochi nikalirudisha mahali pake. Kina maua. Madogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Gundi. Kwenye mkebe wameandika upake, uache wazi, upate hewa, kisha ubandike. Nje kulikuwa na vumbi. Nikafunga milango yote. Dakika tano baadaye nikaona sukani mbili. Nikataka kutoka. Magoti yakakataa! Suruali yangu ilikuwa imeshakuwa sehemu ya gari.

Nikapiga honi kwa kiwiko. Akatoka mke wangu, akanitazama, akarudi ndani, akaja na mkasi. Akanikata suruali kuanzia mapajani. Jirani alisimama juu ya ndoo apate kuona vizuri. Alipomaliza, macho ya mke wangu yakaangukia maua. Akayatazama kwa muda. Akaingia ndani. Nikasikia kochi likisogezwa.

Hajasema neno. Heri angepiga kelele.

Kisha dada akapiga simu. Mama anakuja Jumamosi, siku yake ya kuzaliwa. Alisema macho ya mama yamefifia sana siku hizi, anatambua vitu kwa vidole. Hataki keki wala maneno. Ana ombi moja tu: akae kwenye gari la baba, ashike lile tundu la kisigino.

Nikamwambia dada simu inakatakata. Nikaikata.

Lile tundu! Mungu wangu, lile tundu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda dampo asubuhi. Nikamweleza mlinzi kwamba natafuta zulia la kahawia lililoletwa Jumanne. Akanionyesha kilima kwa kidevu. Akasema kile kilima chote ni Jumanne. Nikapanda na fimbo, nikachimba mpaka saa tano. Nimepata mazulia matatu. Letu halimo. Moja lilikuwa na paka ndani, mzima, mkali, na ana watoto.

Nikateremka nimeshika mkono unaotoka damu, nikijiuliza ni mtoto gani humtupa baba yake mara ya pili. Nikakaa kando ya barabara. Sikutaka kuinuka.

Halafu wazo likaja! Tundu ni kitu cha kutengenezwa. Nikaenda kwa fundi wa viti. Amekataa katakata. Anasema ana miaka ishirini anaziba matundu ya watu, hajaombwa hata siku moja kutoboa, na leo haanzi.

Basi, mwenyewe. Mkasi, msasa, kiatu changu cha harusi, maji ya majani ya chai kulizeesha kidogo. Nimesugua saa mbili. Limetoka tundu la kutia simanzi, mpaka mimi mwenyewe nililiangalia nikamkumbuka baba. Kulizunguka nimebandua zulia, nikatia sponji nene chini yake, mama akanyage kitu laini. Viti nimevirudisha.

Mke wangu amezungumza! Ameniuliza kama sioni haya kumdanganya mama mtu mzima. Nikasema huu si uongo, ni huduma. Amerudi kwenye kimya chake.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Mama alifika saa nne, dada amemshika mkono. Bwana Nta nyuma, amebeba mto wa kukalia. Tukamketisha mama kwenye kiti cha dereva. Akavua kiatu. Mguu ukatafuta, ukapata. Akainama, akapitisha kidole kulizunguka tundu. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"Hili lina kingo," akasema.

Nikasema labda ni jua limelikausha.

"La baba yako halikuwa na kingo. Lilikuwa laini kama ncha ya sikio. Hili ni tundu la kifungo."



"Mama, nililitupa."

"Najua, mwanangu. Mlango ulipofunguliwa tu, nimenusa gundi."

Hakunigombeza. Akasimulia. Enzi zile akifundisha shule, baba alimfuata kila alasiri, akamngoja nje ya lango. Kumpigia honi aliona ni kumvunjia heshima. Alizima injini, akawa anagonga kisigino taratibu, ko, ko, ko. Siku nyingine mama alikuwa anachelewa makusudi, anasahihisha madaftari yasiyo na haraka, ili tu atoke amkute anagonga.

"Tundu lile lote," akasema, "ni kunisubiri mimi."

Na mimi nililibeba mbio kichwani, napiga mluzi.

Nikageuka kumtafuta Bwana Nta, nione anavyofurahi. Alikuwa ameuelekea ukuta, anafuta macho kwa kile kitambaa chake cha nta. Akaniambia polepole kwamba hata yeye angelitupa, shemeji, hata yeye. Yaani hata kumchukia nimenyimwa.

Mama akaomba tuzunguke kidogo. Nikashika usukani, yeye kando yangu. Mtaa wa pili tu, sponji likateleza, zulia likapanda juu ya pedali ya mafuta, likaikandamiza. Gari likaruka kama limetukanwa! Tukapita kinyozi. Tukapita duka la dawa. Mama kashika dashibodi, anasema kwa sauti kwamba marehemu hakuwahi kuthubutu. Nikazima ufunguo. Gari likaserereka lenyewe mpaka likasimama kwenye nyasi, mbele ya ukuta wa nyumba ya watu.

Nikampigia simu fundi wa magari. Akasema yuko njiani. Tukasubiri.  Nikatazama ukuta. Muda ukaenda. Mara mama akaweka mkono wake gotini kwangu. Nikashtuka, mguu ukatulia. Ndipo nikajua kwamba ulikuwa unagonga.

"Endelea," mama akasema.

Nikaendelea mpaka fundi alipofika.

Jumapili, 9 Machi

Maonyesho. Nilikwenda kwa sababu jina langu lilikuwa limeshaandikwa.

Jua kali. Gundi ikalainika. Jaji akafungua mlango, akaona nyekundu, akaona maua, akaingiza mguu mmoja apate kuamini. Mguu ulitoka. Kiatu kilibaki. Tulikivuta watu watatu. Hakunikaripia. Alisimama na soksi yake kwenye nyasi, akanishika bega, akanipa pole kama ya msiba.

Kikombe kimekwenda kwa Bwana Nta. Akanifuata, akataka tukishike pamoja tupigwe picha. Kwenye picha mimi ndiye ninayetazama chini.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kutafakari. Nimekaa garini tangu asubuhi, na daftari langu.

Fundi wa viti amekubali kuyarekebisha yote. Ana sharti moja, nisiguse kitu chochote mpaka Alhamisi atakapokuja. Mke wangu amesema sentensi tatu mfululizo, na kila moja ilikuwa na neno "usiguse". Mama naye amepiga simu. Hana kinyongo. Ila ameniomba, vilivyobaki vya baba niviache vilivyo. Nikaapa kwa jina la baba.  Nilimaanisha kila neno.

Nikaegemea kiti, nikavuta pumzi, nikainua macho.

Kitambaa cha dari! Sijawahi kukitazama hata siku moja. Kimeingia manjano. Na juu ya kichwa cha dereva kuna uzi mmoja unaning'inia. Mfupi, lakini unaudhi. Uzi si kitu. Kuvuta uzi si kugusa.

Kimeshuka chote. Kimenifunika mimi, usukani na daftari. Naandikia humu ndani, mwanga ni wa rangi ya asali, na kitambaa kina harufu ya mafuta ya nywele ya baba.

Nafikiria bluu.