Jenasi Yangu Mpya ya Nondo

Jumamosi, 7 Juni 2025, Brooklyn Park
Historia imeanza jikoni kwangu! Nimemtandika kandambili nondo mwenye pua ndefu kuliko ya shemeji. Nimesoma mtandaoni: nondo wa pua wana jenasi, yaani koo, tele Amerika Kaskazini, lakini hakuna yenye mwili bapa namna hii. Basi hii ni mpya, na itaitwa Felicianus. Lusajo wa mji wa Crystal ana wajina watatu, na kila tukikutana kanisani lazima anikumbushe. Mimi sina hata mmoja. Subiri!

Jumapili, 8 Juni
Binti yangu Redempta kapiga simu toka Oakdale. Mtoto akiwa wa kiume atamwita Felician, jina langu. Machozi yamenilenga. Kaomba uchungu ukianza nimpeleke hospitali, maana mumewe yuko zamu wiki nzima. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, baba yupo.

Jumanne, 10 Juni
Nimempeleka nondo kwa Kendi, Mkenya anayetunza wadudu wa makumbusho ya chuo. Simu nimezima. Sayansi inataka utulivu.

Kendi kamweka kwenye hadubini, kacheka. Eti jenasi haipangwi kwa unene, wanatazama mishipa ya mabawa na sehemu za siri. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, tutazame pua tu. Kasema ubapa ni wa kandambili, mzee, na huyu ni nondo wa nafaka, ana jina tangu enzi za babu wa babu zetu. Kauliza kama nina unga wa siku nyingi nyumbani. Ninao, mfuko niliotoka nao Bukoba mwaka juzi, nautunzia wageni wa heshima. Unga unahusu nini? Wivu mtupu!

Njiani nikawasha simu. Redempta alikuwa amepiga mpaka kachoka. Aliyempeleka hospitali ni Lusajo.

Jumatano, 11 Juni
Mjukuu wa kiume! Pua yangu kabisa. Anaitwa Lusajo. Redempta kasema kwa upole kwamba jina kapewa aliyekuwepo. Lusajo mwenyewe kaketi pale kitandani, kavimba kwa raha. Wajina wanne sasa! Nikaenda chooni nikalia. Nimelia kweli.

Kutoka tu, nikamwona dirishani. Nondo, mweupe, pua kama mkuki! Safari hii kandambili mwiko. Nimemwaga uji wa mzazi, nikamfunika kwa kikombe chake. Redempta ananiita nije nimbebe mtoto. Nimemwambia anisubiri kidogo. Simu nimeshazima.