Kengele Chini ya Soseji

Jumanne, 2 Septemba

Bodi ya shule imenicheka hadharani. Nimesimama mbele yao nikiwa nimechana nywele, nikaomba shule zetu za Krasna ziwe na polisi wao. Shule za miji mingine ya Texas zinao. Sisi tunangoja sherifu, polisi wa kaunti, atoke mji wa pili, dakika arobaini! Mwenyekiti wa bodi, Emmett Strnad, muuza matrekta, akauliza polisi hao walinde nini. Akakumbusha kwamba uhalifu wetu wa mwisho ulikuwa matusi kwenye ukuta wa choo, miaka sita iliyopita, na kwa kuwa hayakuwa na kosa hata moja la tahajia, aliyeyaandika hakuwa mwanafunzi wetu.

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi Alvin Hruska, mlinda geti la uwanja wa mpira wa Kimarekani kwa miaka kumi na saba! Nina cheti cha askari wa akiba, na bado hakijaisha muda. Marehemu baba alikuwa polisi pekee wa mji huu. Kofia yake iko juu ya kabati langu. Inanikaa sawasawa kabisa.

Marisela Cantú alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Amestaafu juzi kazi ya sherifu. Alisema jambo moja tu, kwamba polisi wa shule afundishwe kwanza kuzungumza na watoto, bunduki baadaye. Wakampigia makofi. Mwanamke huyu alinilaza mkono mezani katika kupimana nguvu mbele ya darasa zima tulipokuwa na miaka kumi, na mimi si mtu wa kuweka kinyongo, nimeandika tu ili nisisahau.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepata! Penye nia pana njia.

Wanasema hakuna uhalifu. Basi uletwe. Pale nyuma ya goli ipo Kengele ya Ushindi, hugongwa kila timu yetu ya Kakakuona inaposhinda, tangu enzi za babu zetu. Ikipotea, mji utalia. Mji ukilia, bodi itaunda polisi. Polisi watahitaji mkuu. Mkuu (mimi) ataipata kengele ndani ya siku tatu. Hakuna atakayeumia. Huu si wizi, ni mazoezi.

Nilifikiria pia kumchukua Sajini, kakakuona wetu hai wa timu. Nikamwacha. Anakwaruza.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemwambia mke wangu Lorene mgongo unaniuma. Akaenda misa peke yake. Saa nne asubuhi mji mzima uko kanisani, hata Wabaptisti. Kengele ilishikwa na boliti nne tu! Lakini ratili tisini, jamani. Nimeifunga kwa blanketi la viraka nililolikuta gereji, isije ikalia njiani. Sasa imelala ndani ya friza, chini ya soseji za kulungu wa mwaka jana.

Lorene aliporudi alinikuta kwenye kochi naugulia. Sikuwa naigiza tena. Ameniletea kolache mbili, mikate yetu midogo mitamu ya aprikoti, na kunikanda mgongo, masikini.

Jumatatu, 8 Septemba

Ushindi! Mji umechafuka. Ajuza wamelia mbele ya duka la nyama. Kocha amesema hawezi kuikabili timu ya Holub, mahasimu wetu, tarehe ishirini na sita, siku wahitimu wote wa zamani wanarudi nyumbani, bila kengele. Bodi ikaitwa kwa dharura. Mikono saba juu kati ya saba. Krasna ina polisi wa shule!

Nani kaanzisha kikosi hiki? Mimi. Hakuna ajuaye. Nimefika nyumbani nikaishusha kofia ya baba, nikaipangusa vumbi, na nakiri machozi yalinitoka.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamemchagua Marisela.

Saba kwa saba tena. Mimi ni askari namba mbili, katika kikosi cha watu wawili. Nilikaa garini muda mrefu bila kuwasha injini.

Lakini nimetafakari. Aliye juu mngoje chini. Na nani yuko chini yake, amekaa tayari? Mimi peke yangu! Kesi yake ya kwanza ni kengele, na hataipata hata akikesha. Nimemshauri awachunguze watu wa Holub. Amenishukuru na kuandika.

Jumamosi, 20 Septemba

Lorene anatafuta blanketi la viraka. Kumbe ni la marehemu mamake, na alilitoa sandukuni alipeleke kwenye maonyesho ya kaunti. Nikamwambia labda nondo wamelila. Akauliza, lote? Nikasema nondo wa mwaka huu ni wakali. Amerudi kupekua sanduku. Nachukua kuwa ameridhika.

Jumatatu, 22 Septemba

Siku yangu bora maishani!

Mafunzo yameanza maktaba ya shule. Marisela anafundisha, walimu na madereva wa mabasi wamealikwa. Zoezi la kwanza: mtoto wa darasa la kwanza yuko chini ya meza, hataki kutoka. Nikamsomea haki zake zote za kisheria. Akalia zaidi. Marisela akaketi sakafuni akamuuliza habari za viatu vyake, na baada ya dakika mbili mtoto akatoka. Nimeandika: kubeba viatu vya ziada.

Zoezi la pili, kuhoji mshukiwa. Akatakiwa mtu aigize mwizi wa kengele. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Haya, mwizi wangu," akasema kwa upole. "Uliifanyaje isilie njiani?"

"Niliifunga blanketi la viraka."

"La rangi gani?"

"Jekundu na kijani. Lina nyota katikati."

"Na sasa iko wapi, baba?"

Hapo nikawa mjanja. Nikamwambia sitamtajia, ila ni mahali pa baridi na panapokaa nyama.

Maktaba nzima ikageuza viti kunitazama. Walivutiwa kupita kiasi. Marisela alijaza kurasa mbili, akasema kwa miaka yake ishirini na sita kazini hajawahi kukutana na mwizi mwenye msaada namna hii. Alama zote kumi! Yeye mwenyewe ameziandika.

Jumatano, 24 Septemba

Marisela alikuja kunywa kahawa na Lorene. Mimi nakata majani nje. Nasikia anaulizia soseji za kulungu. Nikazima mashine, nikakimbia. Nimechelewa.

Kengele ilikuwa juu ya meza ya jikoni, imeota barafu. Blanketi limekakamaa kama ubao. Lorene alilishika pembeni.

"Alvin," akasema, "hebu nionyeshe hao nondo."

Nilijua beji imekwenda, labda na geti la uwanja pia. Marisela akamaliza kahawa yake kwanza. Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukijua. Baba ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mzee aliniambia mwizi mjinga usimfungie mbali," akasema. "Mweke mbele ya macho yako, umpe kazi."

Nikaenda mwenyewe kuungama mbele ya bodi. Strnad alicheka hadi akaletewa maji. Beji nimeirudisha. Adhabu yangu: kengele nitaipandisha mwenyewe, na katika kila mechi nitasimama kando yake, msimu mzima, wote wakinitazama. Lorene analala chumba cha wageni na blanketi lake.

Ijumaa, 26 Septemba

Ushindi juu ya ushindi! Kakakuona ishirini na moja, Holub ishirini! Nani kaigonga kengele? Mimi! Marisela kaniruhusu kuvaa kofia ya baba. Jukwaa zima likasimama likaniita kwa sauti moja: "Shujaa! Shujaa!" Lorene anasema walikuwa wakisema "soseji". Masikio yake hayako sawa tangu Jumatano. Lakini alikuja, na aliniletea kolache.

Nimelitazama jambo hili kwa utulivu. Sikuadhibiwa, nimepandishwa cheo. Mlinzi Mkuu wa Kengele. Wa kwanza katika historia! Nina kiti changu mwenyewe.

Tatizo ni moja tu, ofisi ya mtu mmoja haiheshimiwi. Nahitaji msaidizi. Bodi imesema hakuna hatari inayodai msaidizi.

Nimepita kwenye banda la Sajini wakati wa kuondoka. Lina kitasa kimoja, nacho kimelegea. Friza haitamfaa, ni mnyama wa joto. Bafuni kuna nafasi. Jumapili Lorene ataenda misa, na mgongo wangu, sasa naandika, umeanza kuuma kidogo.