Dawa ya Kilima cha Maman Gaudiose

Mwaka ule Goma ilipounguzwa na volkano, watu wa Kamembe walianza kuitazama ardhi kwa wasiwasi, na Ntabaza akaona riziki. Kuwa injinia wa udongo ni miaka mitano ya chuo. Ntabaza aliimaliza kwa bia mbili kwenye baa moja ya Bukavu, meza ya jirani na mainjinia wa barabara. Alitoka na maneno matatu makubwa, na kofia ya manjano ambayo mwenye nayo bado anaitafuta.

Wa kwanza kutembelewa naye alikuwa Maman Gaudiose, aliyerudi kutoka Kongo akiwa na kiwanja mteremkoni na mabati ishirini mapya. Mabati hayo yalimkosesha Ntabaza usingizi.

"Maman, hii kilima iko inatembea," alisema kwa huzuni. "Nyumba yako itaamukia mu ziwa. Lakini niko na dawa ya udongo. Mabati kumi tu."

"Yesu wangu! Basi pima, Papa Ingenieri. Miye nilikuwa napikia ba ingenieri ba barabara kule Bukavu. Bale balikuwa banachimba benyewe, banaangalia udongo kila mita, banaufinya mu mukono. Muntu asiyeshuka mu shimo, hatukumuita ingenieri."

Akampa chepe. Mwerevu angeaga hapo hapo, lakini tamaa humziba mtu masikio.

Mita ya kwanza, udongo mwekundu. Ntabaza aliufinya kwa heshima zote.

"Imetosha, Maman?"

"Bado. Bale balikuwa banafika mita ine."

Siku ya pili viatu vyake vya mjini vilipasuka. Siku ya tatu kofia tu ndiyo ilionekana kutoka juu, na nakiri nilimhurumia kidogo. Jioni alipanda ngazi, matope hadi kwenye nyusi.

"Udongo iko mubaya, Maman! Mubaya sana! Lete mabati, nitie dawa."

"Mubaya kabisa?"

"Naapa!"

"Asante kwa kusema kweli. Basi hapa hatujenge. Nyumba itakuwa kule juu, ku mawe, musingi tulishachimba. Hapa tutaweka choo."

"Na mabati yangu?"

"Ile ilikuwa ya dawa, Papa. Dawa hatuiitaji tena. Kuja kula maharagi."

Jirani, Mzee Théoneste, alikuwa ameegemea ua tangu mchana, akilipima shimo kwa macho.

"Ingenieri, na kwangu kilima iko inatembea. Utakuja kesho?"

Ntabaza aliyatazama malengelenge ya mikono yake. Yaliuma vibaya mno.

"Mzee," aliuliza, "uko na mabati ngapi?"