Historia ya Shule kwa Jogoo Mmoja

Antipasi hakuwahi kukanyaga Sekondari ya Miambani hata kwa kuomba maji. Elimu yake iliishia darasa la saba, kule Kiomboi. Lakini alipoona bango mjini Singida likiwaalika wanafunzi wa zamani kwenye jubilei ya miaka hamsini, aliipenda shule hiyo ghafla kuliko walioisoma. Kesho yake alivaa tai, akajitangaza kuwa mhitimu wa mwaka tisini na nne na mwandishi wa historia ya shule.

Masharti yalikuwa mepesi: ukileta jogoo, historia itakukumbuka kuwa ulikuwa kiranja. Watu wazima wenye maduka na vitambi wakakimbilia uongozi wa utotoni, matenga yakajaa. Deo, mwenye mashine ya kukamua alizeti, alikuja akivuta beberu.

"Niandike kaka mkuu."

"Kaka, mji mzima unajua ulifukuzwa kidato cha pili."

"Ndiyo maana sijaleta jogoo."

Antipasi akaona hoja ina uzito.

Siku ya sherehe alipanga kuondoka na mifugo yote kwa basi la mchana la Manyoni, kabla watu hawajadai kusomewa historia, maana hakuwa ameandika hata mstari. Alikuwa anafunga tenga la mwisho nyuma ya bwalo alipotokea Mwalimu Yustina, mwalimu mstaafu wa nidhamu, mfupi na mwenye sauti ya kengele. Deo na viranja wapya walikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mwalimu!" Antipasi akainama.

"Marahaba. Antipasi wa tisini na nne?"

"Mwenyewe, mwalimu."

"Mtoro wewe! Uliondoka na adhabu yangu. Kisiki chako kile pale."

Wazee wazima wakapiga makofi. Nani kati yao hakung'oa kisiki Miambani? Antipasi akatazama matenga, akamtazama Deo, ambaye alikuwa na mikono minene. Akikataa, basi hakusoma hapa. Akavua koti, akapokea sululu.

Mizizi ilikuwa mirefu kuliko ufasaha wake. Basi la Manyoni lilipiga honi, likapita. Tai ikageuka kitambaa cha jasho. Kisiki kilipong'oka, jua lilikuwa linazama na bwaloni kulinukia mchuzi wa kuku. Akakimbilia matenga, akakuta manyoya tu. Kamba ya beberu ilining'inia mtini, haina mwenyewe.

Mwalimu Yustina akamletea sahani. Ilikuwa na ugali na shingo moja.

"Mwalimu," alisema Antipasi, karibu alie, "mwaka ule nilikosa nini hasa?"

"Nitajuaje? Mimi nilihamia hapa mwaka elfu mbili na tatu."

"Na kisiki?"

"Mwarobaini huo tumeukata mwezi uliopita. Mafundi walitaka hela nyingi kuung'oa." Akamtazama juu mpaka chini, akaridhika. "Sasa ndiyo umesoma Miambani. Kula, kisha sululu irudishe stoo."

"Ndiyo, mwalimu," Antipasi akajibu, na mikono ilikuwa tayari nyuma ya mgongo.